Siku Saba Mbele ya Ukuta wa Chungwa

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za darasa la jioni, kwamba mwanamke akikaa siku saba ndani ya nyumba yenye ukuta mmoja wa rangi ya chungwa, hawezi tena kuishi mahali pengine. Macho yake yanashikwa. Akienda kwingine anaona kila kitu kijivu, chakula kinakosa ladha, anapata kizunguzungu mpaka arudishwe. Ilisemekana kuna mke wa karani fulani huko Nairobi aliyejaribu kutoroka siku ya nane. Akafika stendi, akakaa chini, akalia, kisha akarudi mwenyewe amebeba nyanya.

Hizo nyanya ndizo zilizonimaliza. Nilijiambia, mtu anaweza kubuni karani, anaweza kubuni stendi, lakini nyanya hazibuniki.

Habari hizo nililetewa na mwenzangu wa darasa la watu wazima pale Migori. Tulikuwa tunasomea katika madarasa ya watoto wa shule ya msingi baada ya kazi, magoti yetu yakigusa videvu, na yeye alikaa dawati moja na mimi. Mchana alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka na vinyozi. Alikuwa na gazeti moja la picha lisilo na jalada, lililokunjwa mpaka likawa laini kama leso, na ndani yake mlikuwa na sebule ya watu wa Nairobi: kuta tatu nyeupe na wa nne chungwa tupu, kama jua limeanguka ndani ya nyumba likakosa pa kutokea.

"Omera," akaniambia, kwa maana ya ndugu yangu, "hiyo ndiyo staili sasa. Ukuta mmoja tu. Ukipaka zote nne wewe ni mshamba."

"Na mke haondoki?"

"Aende wapi na macho yameshashikwa?"

Nikaamini. Nilikuwa na sababu ya kuamini, na sababu yenyewe ilikuwa Homa Bay ikishona nguo.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Nilimwoa kwao Kosele, ng'ombe walishafika kwa wazazi wake, hakuna aliyekuwa na neno. Lakini cherehani yake ilikuwa kwenye baraza la duka moja mjini Homa Bay, na mahali ilipokuwa cherehani ndipo alipokuwa yeye. Mimi nilikuwa Migori nikiendesha kisiagi, mashine ya kusaga unga. Basi kila Jumapili ya pili nilikuwa naenda kwa mke wangu kama mgeni, nimevaa shati la kwendea kanisani, nakunywa chai, narudi. Mwaka mzima hivyo.

Alikuwa amekuja kwangu mara moja tu, akakaa nusu siku. Na si kosa lake. Mtu wa kisiagi ni mweupe kuanzia kope mpaka kwenye kamba za viatu, na mimi nilikuwa naleta kazi nyumbani bila kutaka. Unga ulikuwa juu ya meza, juu ya redio, ndani ya maandazi. Hata panya wa nyumba ile, nakuapia, walikuwa weupe. Alisimama katikati ya chumba, akageuka polepole akitazama.

"Jaduong'," akasema. Aliniita mzee tangu nikiwa sina hata unywele mmoja wa mvi. "Hapa ni kama kuishi ndani ya gunia."

Hakusema kwa ubaya. Lakini alirudi Homa Bay kwa gari la saa nane.

Msimu wa kushona yunifomu za shule ulipokwisha, akanitumia ujumbe kwamba atakuja wiki moja, aone. Alisema hivyo tu: aone. Nikaelewa kwamba akipenda, cherehani itahamia Migori. Asipopenda, nitakunywa chai za Jumapili mpaka nizeeke. Na wiki moja, hesabu mwenyewe, ni siku saba.

Nikampelekea mchoraji gunia dogo la unga, naye akanipa kopo la rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka duka la soda, pamoja na brashi yenye nywele kama za mzee. Nyumba yangu ya kupanga ilikuwa ya udongo iliyopigwa plasta nyembamba ya simiti, halafu chokaa juu ya plasta. Sikukwangua chokaa. Nani alikuwa na muda wa kukwangua? Nilipaka juu yake Jumamosi kuanzia asubuhi, mlango wazi ili watu waone maendeleo.

Nao walikuja. Majirani wa kike walisimama mlangoni mmoja mmoja, wakaniangalia nikipaka, hawasemi. Mmoja alitikisa kichwa akaondoka, akarudi na sahani ya omena, dagaa wa ziwani, na ugali, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka kitu hospitalini. Mama mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kunisalimia kabla sijamsalimia, aliniuliza kama nina ndugu wa karibu. Nikadhani wanavutiwa. Nikala omena na kuendelea.

Rangi ilipokauka, nawaambieni ukweli, ng'ombe waliopita nje walikuwa wanafumba macho. Jogoo wa jirani aliwika saa nane mchana. Nikaongeza vitambaa vya kijani juu ya viti, maua ya plastiki ya zambarau, na pazia la buluu. Kisha nikachukua kiti kizuri, kile kisichoyumba, nikakiweka katikati ya chumba kikitazama ukuta.

Mke wangu alifika Jumatatu. Begi lake nililibeba mwenyewe kutoka stendi, na lilikuwa zito kama mmefichwa ndama ndani yake. Nikadhani ameniletea unga, nikacheka kimoyomoyo: kumletea mtu wa kisiagi unga!

Aliingia, akasimama pale pale alipowahi kusimama mara ya kwanza. Akatazama ukuta. Akavuta kile kiti, akakigeuza, akakaa ukuta ukiwa mgongoni kwake.

"Habari za kazi?" akauliza.

Alipotoka kuchota maji nikakigeuza kiti tena. Alipoingia akakigeuza. Siku mbili kiti kile kilizunguka kuliko jiwe la kisiagi. Siku ya pili alitaka kwenda kumtembelea jirani, nikamwambia kuna upepo. Siku ya tatu alitaka kukaa nje apete mchele, nikamwambia kuna jua.

"Sasa mnaishi na nini hapa Migori?" akauliza. "Upepo hamtaki, jua hamtaki."

"Kaa tu hapa, Nyar Kosele, binti wa watu. Pumzisha macho."

"Hapa ndipo nipumzishe macho?"

Kilichonitisha ni begi. Halikufunguliwa. Kila asubuhi alitoa gauni moja kutoka juu juu, akafunga zipu, akalisukuma chini ya kitanda. Nilimpigilia misumari mitano ya nguo, mipya, na yote mitano ilikaa uchi. Alikuwa anaongea vizuri, anapika vizuri, lakini kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti. Siku ya nne jirani yule wa omena alimwona mlangoni, akashtuka, akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia maneno kwa Kijaluo kwa sauti ya chini. Mke wangu alirudi ndani. Jioni hiyo hakuniita jaduong' hata mara moja.

Siku ya tano tulikuwa tunakula mchana. Sufuria ilikuwa bado inatoa mvuke karibu na ukuta. Nikasikia kama karatasi inachanika. Nikainua macho. Ukuta wangu ulikuwa umetoa ulimi. Kipande kikubwa kama chapati kikajikunja kutoka juu, kikaning'inia, kikafikiri, kikaanguka ndani ya mchuzi wa samaki.

Tukatazamana. Kipande cha pili kikafuata.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kichwa mezani, mabega yakitikisika, na mimi nikacheka kwa sababu sikuwa na la kufanya. Halafu nikaona kwamba mabega yanatikisika lakini kicheko kimeisha.

"Nani alipaka?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mimi."

"Kwa mkono wako? Mlango wazi?"

"Mlango wazi. Watu wote waliona."

"Ndiyo. Wameniambia." Akainuka, akafuta macho kwa leso. "Wewe hujui? Mama yako hakukufundisha? Kwetu ukuta ni kazi ya mwanamke. Mwanamume anajenga, anaezeka, anaweka mlango. Kukandika na kupamba ni mkono wa mwenye nyumba wa kike. Mwanamume akionekana anapamba ukuta wake mwenyewe, watu wanajua hana mtu. Yule jirani alidhani nimekufa. Wengine walidhani nimekuacha. Sasa mimi nikajiuliza, huyu ananiambia nini? Ananiita nije nione kwamba nafasi yangu ameshaipaka rangi?"

Na mimi nilijua! Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo. Nilikuwa nimemwona mama yangu tangu utotoni akikandika, viganja vikienda upande kwa upande, akiacha mistari kama mawimbi, na hatukuthubutu hata kumpitishia maji bila kuitwa. Lakini nilidhani hiyo ni sheria ya kijijini, na kwamba mjini, kwenye simiti, kwa rangi ya kopo, sheria imebaki stendi.

Nikataka kumweleza habari za macho kushikwa, za karani na za nyanya. Badala yake nikanyoosha kidole.

"Pale," nikasema. "Chini ya dirisha. Nilipima. Cherehani yako inaenea, na mwanga unaingia upande wa kushoto, kama unavyopenda."

Akatazama pale chini ya dirisha. Palikuwa patupu. Katika chumba kile chenye kiti, meza, redio, maua na pazia, mahali pale pekee sikuwa nimeweka kitu, na sikuwa nimetambua kwamba nimeacha pengo kubwa hivyo.

"Ulipima kwa nini?"

"Kwa kamba."

Kisha akainama, akavuta begi kutoka chini ya kitanda, akafungua zipu mpaka mwisho. Chini ya nguo palikuwa na mifuko miwili ya kitambaa iliyofungwa kwa uzi. Mmoja ulikuwa na udongo mwekundu, mwingine udongo wa rangi ya majivu, ule laini ambao mama yake huchimba nyuma ya shamba lao Kosele, na ambao wanawake wa huko hupambia nyumba zao.

"Kakwangue chokaa," akasema. "Yote. Hata ile uliyofikiri haionekani."

Nikakwangua alasiri nzima kwa kisu na kipande cha bati. Nilimeza chokaa ya kutosha kujenga nyumba nyingine. Kesho yake, siku ya sita, alilowesha ukuta, akachanganya udongo na uji mzito wa muhogo ili ushike, akafunga leso kiunoni, akaanza. Mlango aliuacha wazi makusudi. Wale majirani wakaja tena, mmoja mmoja, lakini safari hii walikuwa wanapiga kelele.

"Kumbe uko hai!"

"Niko hai, na mnaona kazi niliyoachiwa!"

"Wewe umepata bwana wa kupaka, wetu hata kuchota maji hawajui!"

"Mchukueni, anakula sana!"

Nilikuwa nashika bakuli. Alipaka nyekundu kutoka sakafuni mpaka kiunoni, na juu yake kijivu kile, na katikati akapitisha vidole vitatu, wimbi moja refu kutoka kona hadi kona bila kuinua mkono. Alipofika dirishani akasimama. Kuzunguka dirisha palikuwa na upana wa kiganja ambapo rangi yangu ya chungwa ilikuwa imeshika vizuri, sijui kwa nini, labda chokaa haikufika huko. Nikaleta kisu.

"Acha," akasema. "Hapo uliweza."

Akauzungushia udongo taratibu, dirisha likabaki na fremu ya chungwa. Nawaambia mimi, gazeti zima la Nairobi halikuwa na dirisha kama lile. Maua ya zambarau aliyatupa. Vitambaa vya kijani alivikubali baada ya kuvifua.

Siku ya saba misumari mitano ilikuwa imejaa nguo. Wiki mbili baadaye cherehani ilifika juu ya basi, imefungwa ndani ya godoro, ikakaa chini ya dirisha kama imezaliwa hapo. Masalio ya vitambaa vya wateja yakawa mito ya viti, wa njano, wa buluu, wa waridi, hakuna uliofanana na mwenzake, na unga wangu ukitua juu yake anaupiga kofi unaruka.

Basi mimi nikajua: dawa ya chungwa imefanya kazi, tena siku ya tano, kabla ya muda! Nilimhubiria kila mtu. Nikimwona kijana ameposa namwambia, ukuta mmoja, siku saba. Mchoraji wangu aliuza makopo mengi kwa ushahidi wangu, na mimi nilifaulu mtihani wangu wa darasa la jioni nikiwa bado naamini hivyo, cheti mkononi.

Miaka kadhaa ilipita. Siku moja mchana mgeni alikuwa amekaa sebuleni akisubiri suruali yake, nami nikampigia hadithi nzima, na karani, na nyanya. Mke wangu alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuwa ameisikia hadithi kutoka mwanzo hata mara moja. Alisubiri nimalize, akalamba ncha ya uzi, akaipitisha.

"Jaduong'," akasema, "ule ukuta ulinipa maumivu ya kichwa siku tano. Mimi niliamua kabla sijapanda gari. Nilikwenda kwanza Kosele kwa mama kuomba udongo. Nani anabeba udongo wa kwao kwenda kutembea wiki moja?"