Waya Nilizozipaka Mafuta

Shule niliacha darasa la tatu. Kwa hivyo mjukuu wangu alipoingia chuo cha ufundi Thika kusomea stima na kompyuta, nilitangaza mwenyewe, sokoni, kanisani, hata kwa kinyozi ambako sina shughuli. Msichana ana jina langu. Akianguka mtihani, jina lililoanguka ni langu pia.

Amekodi chumba Kiganjo, na wikendi anakuja kwangu Gitothua na nguo chafu na mfuko wa waya. Alianza kwa kufungua redio yangu. Hiyo redio haijaongea tena. Halafu akanunua bodi ndogo kama kiberiti, akaiunganisha na laptopu kuukuu, akaiandikia maagizo siku mbili bila kuinua kichwa. Mwishowe taa ndogo ikawaka, ikazima, ikawaka. Aliniita kutoka kwa sukuma wiki nije kuona.

"Hata swichi ya ukuta inafanya hivyo," nikamwambia.

"Shosh, hii nimeiambia."

Nikaiangalia. Kweli ilikuwa inamtii kuliko yeye anavyonitii mimi.

Maji ya mfereji kwetu huja yakitaka. Akatundika waya mbili ndani ya tangi langu, akaziunganisha na bodi na honi. Maji yakizigusa zote mbili, bodi inajua, honi inalia. Ilifanya kazi wiki mbili. Shida ni kwamba ploti nzima iliisikia, na majirani walifika na mitungi kabla yangu. Nilimuuliza kama bodi inaweza kuambiwa ilie kwangu peke yangu. Akasema bado hawajafundishwa hiyo.

Mwalimu wake alitaka kila mtu alete kitu chake Ijumaa, kikifanya kazi. Kikikataa, unarudia somo, na wenzako wanaenda atachimenti, mafunzo ya kazini, bila wewe. Yeye alikuwa ameshapata karakana huko Ruiru, na walikuwa wamemwambia hawangojei mtu.

Alhamisi jioni akaja kuzitoa waya tangini azipeleke shule. Zilikuwa na utelezi wa kijani. Kitu cha nyumba yangu hakiendi shule kichafu. Alipoenda kuoga nilizisugua kwa majivu hadi zikang'aa, halafu nikazipaka mafuta ya kujipaka, vile napaka panga kabla ya mvua. Nilipaka vizuri, sikubania.

Ijumaa nikamsindikiza, mimi nikibeba ndoo.

Mwalimu ni kijana wa suruali fupi. "Tia maji," akasema. Mjukuu akatundika waya ndani ya ndoo, akatia maji. Honi haikulia.

"Imefunga na kuomba," mvulana mmoja akasema nyuma, na darasa likacheka.

Mjukuu akakagua betri. Akakagua laptopu. Mwalimu akafungua kalamu.

Nikafikiria kunyamaza. Nikinyamaza, hakuna mtu angejua, na kanisani ningesema mwalimu alikuwa mbaya.

"Mwalimu, hizo waya nilizipaka mafuta."

"Mafuta gani, cucu?"

"Ya kujipaka."

"Kwa nini?"

"Zisishike kutu."

Mjukuu akanigeukia. "Shosh, uliziguza?"

"Nilizisafisha."

Alizipangusa na sweta yake, sweta niliyomnunulia mimi, akazirudisha kwa ndoo. Honi ikalia hadi wanafunzi wa darasa jirani wakachungulia dirishani.

"Sasa nieleze," mwalimu akamwambia. Akaeleza kwamba mafuta yalizuia maji kugusa chuma, kwa hivyo stima haikuwa na njia ya kupita, na bodi iliamini ndoo ni tupu. Aliongea bila karatasi. Mwalimu akaandika kitu, akasema amepita, lakini kwanza aandike ukurasa wa maagizo kwa mtu atakayeishi na hicho kitu nyumbani.

Ameubandika kwa tangi kwa herufi kubwa, nisikose kusoma. La kwanza: Usipake mafuta yoyote. La pili: Usisugue. La tatu: Ukiona kitu hukielewi, nipigie simu kwanza.

Jumatatu ameanza Ruiru. Nimempigia mara nne.