Mnuno Kwenye Friza

Simu ililala kwenye mkono wa kochi tangu jioni na haikulia. Mama aliikodolea macho kama paka aliyeona shimo la panya. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimnyanyua: anafika dirishani, anasogeza pazia kwa kidole, anaona silo, anarudi kukaa. Taa ya nje aliiacha inawaka. Chumbani mumewe, fundi redio, alikuwa anakoroma, lakini mkoromo wake wa kweli mama anaujua, na ule ulikuwa wa kuazima.

"Njoo ulale," sauti ikasema hatimaye. "Kichupa ni mtu mzima."

"Mtu mzima anazima simu?"

"Akikasirika, ndiyo."

"Mimi nimekasirika kumshinda, na yangu iko wazi."

Kichupa ni binti yao wa pekee. Jina hilo alipewa na baba yake alipoajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa samaki wa vilindini, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kuosha chupa wanamohifadhiwa. Aliosha chupa mpaka vidole vikababuka kwa spiriti. Kisha akaruhusiwa kubadilisha spiriti iliyochafuka, kisha kupima urefu wa samaki, kisha kuchora mapezi yao, na miaka ikaenda. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, walimpa kitanda kwenye meli ya utafiti, ile inayoshusha nyavu na kamera kule ambako jua halijawahi kufika. Meli ilikuwa inang'oa nanga kesho yake mchana. Usiku ule mama alingoja neno moja tu: kitanda bado ni cha mwanawe, au wamemnyang'anya.

Na kama wamemnyang'anya, sababu ilikuwa kisu cha mama.

Kazi ya mama pia ni samaki, ila wa kuliwa. Ana meza yake ya saruji sokoni, beseni, ubao, na kisu kilicholika katikati kwa kunolewa. Mteja ananunua samaki kwa wauzaji, anamletea, yeye anapara magamba, anatumbua, anaosha, anafunga. Shule aliiacha mapema, lakini kazi ile ina sheria zake, na hajawahi kuzivunja. Samaki halazwi na matumbo yake. Nyongo isipasuke. Na mayai ni ya mwenye samaki: hayatupwi, hayafichwi, yanafungwa peke yake kwenye kimfuko na kurudishwa kwake. Mpara samaki anayepoteza mayai ya mteja, pale sokoni hata salamu haitikiwi.

Sasa, Ijumaa iliyopita umeme ulikatika upande wa kituoni. Jenereta lipo, mafuta hayamo. Mkurugenzi alikuwa amekumbushwa habari ya mafuta zaidi ya mara moja, akajibu kwamba ataona. Mpaka jioni friza za kituo zilishaanza kutoa machozi. Kichupa alikuwa nyumbani anakula simu ilipoita, na kwa kuwa mikono ilikuwa na mchuzi aliiacha mezani akafungua spika. Mama alikuwa kwenye sinki. Alisikia kila neno.

"Kila mtu abebe anachoweza," sauti ya Mkurugenzi ilisema. "Wewe si ulisema mama yako ana friza kubwa? Njoo uchukue wale wanuno, ukawaweke huko. Lawama nitabeba mimi."

Kichupa aliacha sahani akatoka mbio. Alirudi na kikasha cha barafu amekikumbatia kama mtoto mchanga.

Wanuno ni jina la utani la pale kituoni. Jina lao la vitabuni ni refu, na Kichupa husema halitamkiki na mtu mwenye njaa. Ni samaki warefu wembamba. Ungedhani ni mikunga, lakini sio. Pezi la mgongoni linateremka, linazunguka ncha ya mkia na kurudi tumboni bila kukatika. Kichwa kipana, midomo minene iliyoshuka pembeni, kama mtu aliyedhulumiwa akaamua kutosema. Nyama yao ni laini kama uji ulioganda. Kichupa aliwahi kumsimulia mama kwamba baadhi ya majike hutaga mayai machache, makubwa, wakajikunja kuyazunguka na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Ila wanuno wale wa kituoni, alisema, mayai yao hakuna aliyewahi kuyaona.

"Na baba watoto yuko wapi?" mama aliuliza.

"Kwa aina hii, hajulikani."

"Basi hata kule chini mambo ni yale yale."

Baba alikohoa nyuma ya redio aliyokuwa anaitengeneza.

Alichosahau Kichupa ile Ijumaa, kwa uchovu, ni kusema: mama, usiwaguse. Alitia mifuko kwenye friza akaenda kulala. Jumapili, yeye akiwa kituoni wanakausha maji sakafuni, mama alifungua friza kutafuta nyama, akakuta samaki wazima, na matumbo yao, wamelala juu ya chakula cha watu. Binti wa mpara samaki, aliyelelewa na kisu hiki, analaza samaki bila kumtumbua. Alijua fika kwamba ni samaki wa kituo, na ndiyo maana aliwafanyia kazi safi zaidi, wasije wale wasomi wakasema nyumbani kwa Kichupa hakuna usafi. Akawayeyusha, akawakata vichwa, akawatumbua, akawaosha mpaka maji yakatoka meupe, akawafunga upya na kuwarudisha kwenye baridi. Vichwa na matumbo wakala paka wa jirani. Alijiona amemsaidia mtu.

Alasiri iliyotangulia usiku ule wa kungoja simu, Kichupa alikuja na kikasha kuwachukua. Alifungua mfuko wa kwanza. Akafungua wa pili.

"Mama. Vichwa viko wapi?"

"Vichwa vya nini? Unataka supu?"

"Umri wao uko kwenye vijiwe vya masikio, ndani ya kichwa. Chakula chao kiko tumboni. Tulikuwa hatujawafungua hata mmoja, mama. Umeniachia minofu."

"Minofu ndiyo samaki."

"Sio kwetu."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Wakafokeana kwa pamoja, kila mmoja asimsikie mwenzake, mpaka baba akaongeza sauti ya redio ili majirani wasikilize taarifa ya habari badala yao. Kichupa alibeba minofu yake na begi la safari kwenda kumweleza Mkurugenzi. Mlango aliubamiza hata kalenda ikaanguka ukutani. Hakurudi.

Kulipopambazuka simu ilitoa mlio mmoja. Ulikuwa ujumbe. Mama aliusoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, ili na mwenye mkoromo wa kuazima asikie.

"Ameniondoa kwenye meli. Anasema nimeiba samaki wa kituo nikawapeleka nyumbani bila ruhusa. Nimelala kwa mwenzangu. Usije."

Baba alitoka chumbani na shuka begani.

"Bila ruhusa," mama akasema. Usiku kucha hasira zake zilikuwa zinazunguka kama mbwa asiyejua pa kulala: mara kwa binti, mara kwa umeme, mara kwa mikono yake mwenyewe. Sasa zilipata pa kukaa. "Mimi nimeharibu, sawa. Nimeharibu kwa kisu changu, jikoni kwangu, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Lakini huyu mtu nilimsikia akisema: Lawama nitabeba mimi. Nilikuwa hapo kwenye sinki, nina sufuria mkononi."

"Amesema usije."

"Nimesikia."

"Unavaa viatu."

"Hilo nalo nimelisikia."

Alifungua friza kuchukua maji ya kunywa njiani. Pembeni, nyuma ya sahani ya barafu, kulikuwa na kimfuko kidogo kilichofungwa fundo. Alikitazama. Fundo lilikuwa lake, lile la sokoni, la kuzungusha mara mbili na kupitisha sikio moja. Hakukumbuka kulifunga. Mikono ilikuwa imefanya peke yake, kama inavyofanya kila siku huku mdomo unapiga soga na mteja. Ndani, yakiwa yameganda kwa utelezi, kulikuwa na mayai machache makubwa, kama njegere.

Alikaa kwenye sakafu ya jikoni kwa muda. Halafu akainuka, akatia kimfuko kwenye kikasha, akakijaza barafu, akatoka.

Getini mlinzi alimuuliza kama ana miadi.

"Nina samaki," mama akasema, na kwa namna alivyolisema mlinzi aliona ni afadhali afungue.

Ukumbi wa kituo ulinuka spiriti na dawa ya sakafu. Kwenye rafu za pande zote mbili samaki walisimama ndani ya chupa, macho meupe, wengine vinywa wazi kana kwamba waliwekwa katikati ya ugomvi. Mwishoni kulikuwa na mlango wa Mkurugenzi, na mbele yake katibu muhtasi, mama wa makamo kama yeye, anapaka rangi kucha.

"Mkurugenzi ana kikao, dada yangu."

"Na nani?"

"Kikao tu."

"Kikao cha mtu mmoja? Namsikia anakoroga chai."

Katibu alifunika kichupa cha rangi. "Mimi naambiwa niseme, nasema. Kaa hapo kwenye benchi. Usinitie matatani."

Mama hakukaa. Alisimama na kikasha mikononi, maji ya barafu yakimdondokea kwenye viatu, mpaka mlango wa maabara ukafunguka na Kichupa akatoka amevaa koti jeupe, macho yamevimba. Begi lake la safari lilikuwa limeegemea ukuta nyuma yake, bado limefungwa.

"Nilikwambia usije."

"Nimekuja."

"Unataka kuniaibisha hadi huku? Haijatosha?" Kichupa alisema kwa sauti ya chini, ile inayokata. "Wameshacheka, mama. Mmoja kaniuliza kama na ndimu ulitia."

"Sikutia."

"Nenda nyumbani."

"Nitakwenda. Kwanza chukua cha kwako." Akamnyooshea kikasha. "Kwenye kimfuko. Sikukumbuka. Vichwa nimepoteza, matumbo nimepoteza, na ukitaka kuninunia mpaka mwakani, nuna. Lakini mayai ya mtu sijatupa tangu nianze kazi hii."

Kichupa alifungua, akakitoa kimfuko kwa ncha za vidole, akakiinua usawa wa taa. Mdomo wake ulishuka pembeni, ukatetemeka, na mama, aliyemlea, alishindwa kujua kama ni kilio au ni kingine.

"Yalikuwa kwenye yupi?" Kichupa akauliza.

"Sasa namkumbuka. Yule mwenye kovu kwenye pezi. Tumbo lilikuwa limejaa upande mmoja. Nyama yake niliifunga juu ya zote."

Kichupa alivuta pumzi, akageuka, akagonga mlango wa Mkurugenzi. Haukujibu. Akagonga tena.

"Ana kikao," katibu akasema, bila moyo.

Basi mama alimsogeza binti yake kando kwa kiwiko, akausogelea ule mlango mpaka pua ikawa karibu kugusa mbao.

"Mkurugenzi, salamu baadaye," akasema. Hakupiga kelele. Alitumia ile sauti ya sokoni inayofika meza ya mwisho bila kuinuliwa. "Mimi ndiye mama mwenye friza kubwa. Samaki wako nimewatumbua mimi, na hilo unidai mimi. Ila Ijumaa nilikuwa kwenye sinki na simu ilikuwa mezani, imefunguliwa spika. Ulisema kila mtu abebe anachoweza. Ulisema lawama utabeba wewe. Sasa nimekuja kukuuliza, umeziweka wapi? Maana naona umemtwika mwanangu."

Milango ya ukumbini ilikuwa imefunguka kidogo kidogo, kila mmoja na jicho lake. Hakuna aliyetoka. Mama aliwatazama mmoja mmoja, nao wakatazama chini. Hilo lilimuudhi kuliko kijiko cha chai.

"Na nyie mlibeba," akasema. "Au wenu walitembea wenyewe?"

Mtunza stoo, mtu mnene mwenye fungu la funguo kiunoni, alijikohoza na kutoka hatua moja nje ya mlango wake.

"Mimi nilipigiwa pia," akasema, akiziongelesha funguo zake. "Maneno hayo hayo. Nina ndoo mbili nyumbani. Mke wangu mpaka leo friza haifungui, anasema kuna kitu kinamwangalia."

Mtu fulani alicheka nyuma ya mlango, akajizuia. Mwingine akasema, "Na mimi." Katibu muhtasi aliinua kichwa. "Simu zote nilimuunganishia mimi," akasema, akarudia kucha zake.

Ndani, kijiko kiliacha kukoroga. Nyayo zilikuja, zikasita. Mama aliuona mstari wa mwanga chini ya mlango ukikatwa na viatu viwili, na viatu vikakaa hapo kwa muda mrefu. Kichupa alikuwa amekishika kile kimfuko kwa mikono yote miwili, na barafu ilikuwa inayeyuka.

Ufunguo ukazunguka. Mkurugenzi alitoa nusu ya uso.

"Peleka mizigo yako melini," alimwambia Kichupa, akitazama ukuta. "Na hayo mayai yatiwe kwenye spiriti kabla hayajaharibika."

Akaanza kuurudisha mlango. Haukufunga. Mama alikuwa ameshatia mguu kwenye kizingiti, pamoja na kiatu chake kilicholowa, na alikuwa bado hajamaliza.