Uzi wa Firmin Tessandier

Tarehe 9 Oktoba 1971, katika ukumbi mmoja wa Saint-Étienne, Firmin Tessandier alimwomba mkewe wa jukwaani amletee uzi ajinyonge, na watazamaji wakacheka.

Mchezo ulisema kamba. Lakini Tessandier, mtoto wa fundi viatu wa Roanne, alikulia katika vikundi vya maigizo vya kuzunguka, na jukwaani neno kamba halitamkwi. Mafundi wa pazia huiita uzi. Anayeteleza huwanunulia divai. Anayelitamka makusudi asitegemee pazia. Wengine wanasema mwiko huo uliletwa na mabaharia, wengine wanasema kuna mtu alijinyonga. Hakuna anayeuliza zaidi.

Alikuwa na miaka hamsini na hakuwahi kukaa mji mmoja misimu miwili. Jukwaa lilipomchosha alikwenda kwenye sinema, akacheza polisi, wahudumu wa mikahawa, na mara mbili maiti. Sinema ilipomchosha alirudi. Hata akingoja zamu yake alitembea huku na huko, akifunga na kufungua kifungo kilekile cha koti. Mkulima aliyefilisika katika mchezo huu ndiye mhusika mkuu wa kwanza aliyewahi kupewa.

Ghislaine Maurin, mwongozaji, alimfuata chumba cha kubadilishia nguo.

"Uzi, Firmin? Wa kushonea au wa kufumia?"

"Mdomo umekataa."

"Jumatatu tunakwenda Grenoble. Kesho sema kamba, la sivyo nampigia simu Courtial achukue nafasi yako."

"Courtial hana sauti."

"Ana mdomo unaotii."

Tessandier alimtafuta Baptistin, mkuu wa mafundi wa pazia, akamkuta anakula soseji juu ya sanduku la misumari.

"Baptistin, kesho itabidi nilitamke."

"Litamke tu," alisema Baptistin, akiendelea kutafuna. "Pazia utajishushia mwenyewe."

"Divai nakununulia leo."

"Faini hailipwi kabla ya kosa, mzee. Hiyo rushwa."

Jumapili mchana kutwa Tessandier alitembea kando ya reli akilisema neno lile, akinyamaza kila watu walipopita.

Jioni akalisema. Hakuna aliyecheka. Huguette Barral, aliyecheza mkewe, akaiweka kamba mezani na kutoka. Mkulima akakaa kuitazama. Hapo ndipo sehemu ya kwanza ilipoisha, na hapo pazia lilipaswa kushuka. Halikushuka.

Alikaa. Mtu akakohoa. Vidole vikaanza kuchezea kifungo. Akainuka, akaizunguka meza, akaishika kamba, akairudisha, akaenda mlangoni, akarudi, akaishika tena. Hakuwa anaigiza, hakujua tu la kufanya. Ukumbi mzima ukaingia kimya kile ambacho waigizaji hukitafuta miaka mingi.

"Lishushe, jamani," Huguette alinong'ona pembeni. "Mtamuua kweli."

Baptistin alitazama kidogo zaidi, kisha akaliachia.

"Divai iwe nyekundu," alimwambia Tessandier alipopita. "Nyeupe inanichoma tumbo."

Maurin alikuwa akimngoja nyuma ya jukwaa.

"Ule mzunguko nani kakufundisha?"

"Hakuna. Pazia lilikwama."

"Basi litakwama kila siku."

Kesho yake kikundi kilipanda treni kwenda Grenoble, Tessandier akiwa ndiye mkulima, na Courtial hakupigiwa simu.