Profesa Mfaransa na Njia ya Chini

Nichekeni tu, jamani, maana hata mimi siku hizi hucheka, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na kwa kweli ilinimeza, ila haikunimeza vya kutosha).

Nilikuwa nimerudi kutoka Bombay na udaktari wa elimu ya mawe, nikawa nakaa tu nyumbani bila kazi, majirani wakiniletea watoto wenye homa na kushangaa huyu ni daktari gani asiye na sindano, ndipo profesa mmoja wa Ufaransa, aliyekuwa akitafuta msomi kijana wa kufanya naye utafiti katika maabara yao huko kwao, akakubali kuja kuniona pamoja na mawe yetu laini ya kuchonga pale Tabaka. Kazi ile niliitaka kuliko chakula.

Mke wangu, Kwamboka, ambaye kwao ni Tabaka, alinionya asubuhi kwamba njia ya chini ya kwenda machimboni ndiyo apitayo mama yake akienda sokoni. Nikamwambia leo si siku ya soko. (Ilikuwa siku ya soko.) Nami niliitaka njia hiyo kwa sababu ina mwamba mweupe mzuri, nipate kujionyesha kidogo.

Sasa, kwetu Abagusii mwanamume hakutani na mama mkwe wake njiani hivi hivi. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yenyewe, na mkikaribiana kwa bahati mbaya kila mmoja hukwepa upesi. Basi nikiwa katikati ya kumweleza profesa habari za mwamba ule, mama mkwe akatokea kwenye kona na kikapu cha ndizi kichwani. Yeye akageuka akajitosa kichakani, ndizi zikamwagika, na mimi nikaruka upande wa pili bila kuangalia, nikatua ndani ya shimo la machimbo lililojaa tope jeupe la mvua.

Profesa alibaki njiani peke yake, akadhani tumevamiwa na nyuki. Kwa kuwa ni mtu mwema, alimtoa mama mkwe kichakani, akamshika mkono (Mungu wangu!), akamvuta hadi ukingoni mwa shimo wasaidiane kuniopoa. Mama akajifunika shuka usoni na kulia kwa aibu. Mimi nikazama tena.

Nilipotoka nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na wachongaji wote walikuwa wameacha kazi yao. Mzee mmoja akasema taratibu, "Sasa yuko tayari kwenda Ufaransa."

Profesa akaniuliza kama nina ugomvi na yule mama. Nikamjibu hapana, namheshimu sana.

Akalitazama lile tope. "Na wale usiowaheshimu, unawafanyaje?"

Nilimweleza mila yetu, akasikiliza kwa adabu, kisha akasema mkuu wa maabara yao ni mama wa umri uleule na madirisha yao yako juu sana. Kazi alipewa mtu mwingine. Niliumia, sitaficha.

Jioni ya siku niliyopata habari hizo, Kwamboka alirudi kutoka kwao na ujumbe. "Mama anasema amehuzunika kuliko wewe," akaniambia. "Ungekwenda Ufaransa, angepita njia yoyote anayotaka."

Tangu hapo, akija mgeni wa maana, kabla sijamuuliza habari za safari namuuliza mke wangu leo ni soko la wapi.