Fungu la Ndege wa Asali

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Kigwa, bibi yangu mzaa baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisimulia habari hii, siku baba aliporudi kutoka hospitali Tabora mjini. Aliisimulia kimakosa, nami sikumsahihisha.

Baba alikuwa mrina asali. Msimu ule alitufuatisha, kaka yangu Masanja na mimi, nyuma ya ndege wa asali, yule mdogo wa kijivu anayepiga kelele mbele ya mtu mpaka amfikishe kwenye nyuki. Baba alitia moshi, akarina, kisha akaacha kipande cha sega juu ya jani.

"Fungu lake hilo," alisema. "Ukimdhulumu, safari nyingine anakupeleka kwa nyoka. Masanja, zima moto, mje."

Akatangulia. Masanja alipogeuka kuchota mchanga wa kuzimia makaa, nilikula lile sega, nta na majana yake, wale watoto wa nyuki, kwa mafunda mawili.

Baada ya wiki mbili ndege aliita tena. Tulimfuata mbali. Chini ya mti aliotuonyesha, baba alikusanya majani makavu ya kuwashia moto, na nyoka aina ya kifutu aliyejilaza humo akamuuma. Alipona, lakini vidole viwili vilikatwa.

"Siku ile ya fungu la ndege, nani alibaki motoni?" bibi aliniuliza.

"Masanja."

Haikuwa uongo. Ndiyo maana jibu lile limenikaa muda mrefu kuliko uongo.

"Mimi sijala, bibi! Haki ya Mungu!" Masanja aliapa.

"Nyamaza. Tumbo lako limemla baba yako mkono."

Baba hakumpiga. Alimwacha nyumbani tu, kila alipoingia porini, na mizinga iliyokuwa iwe ya Masanja akampa mtoto wa ndugu yake.

Nimesoma kidogo, najua kifutu hulala kwenye majani bila kutumwa na mtu. Huyo nimeshamwondolea lawama. Lile jibu la neno moja sina wa kumtwika, ila mimi.

Mwaka huu nilikwenda Igalula, ambako Masanja ana cherehani yake karibu na stesheni. Njiani niliona visiki na matanuri ya mkaa palipokuwa na miti ya miyombo. Nilikuwa nimechoka, na nilichoka zaidi nilipoketi. Nikamwambia yote.

Alimaliza kushona pindo kwanza.

"Lilikuwa tamu?"

"Lilikuwa na majana, kaka. Machungu kidogo."

"Basi hata kufaidi hukufaidi," akasema. Akakata uzi kwa meno, na hakunitazama tena mpaka treni ilipoingia.

Bibi amezikwa Kigwa, na baba kando yake, wote wawili wakiamini kuwa Masanja ndiye aliyelila. Mtoto wa ndugu yake baba aliyepewa mizinga naye ametangulia. Tulio hai ni Masanja na mimi. Ndege, Masanja anasema hajamsikia miaka mingi.