Baba Ana

Mama yangu alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, mimi nikiwa mgongoni, na tangu hapo hakumruhusu mtu amsomee kitu chochote. Barua za baba alizisoma mwenyewe kwa kidole, akitamka silabi moja moja. Zilipoacha kuja aliendelea kuzisoma zilezile. Baba alikuwa baharia. Aliondoka na meli ya mizigo nikiwa darasa la tano, na barua ya mwisho ilifika kabla sijamaliza la saba. Baada ya hapo tulikaa miaka kumi na tisa bila kujua kama yu hai.

Halafu Kariakoo ikaanza kubadilika. Nyumba za zamani zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku zikanunuliwa moja moja, yakapandishwa maghorofa. Baba mdogo, ndugu yake baba, akaja kwetu na mambo mawili kwa mpigo: mnunuzi wa nyumba yetu, iliyokuwa kwa jina la baba, na habari kutoka kwa sheikh. Sheikh angetamka kwamba baba amefariki, mradi mama atie saini waraka kwamba hana habari zake. Mama angekaa eda, hitima ingesomwa, mirathi ingegawanywa. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuwa na kaka ambaye hajui amwombee dua ya walio hai au ya maiti.

Waraka niliandika mimi. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika la umma mpaka lilipouzwa na tukapunguzwa kazi, na kiinua mgongo changu nikakitia kwenye kompyuta. Wenzangu walionunua mashine za kusaga walinicheka sana. Kioo chake kilikuwa cha inchi kumi na nne, na mama kwa wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikataa nimsomee. Alikataa pia niuchape kabla hajauona.

"Kikishakuwa karatasi kimeshakuwa," alisema.

Nikikuza herufi mpaka azione, sentensi inakatika. Akifika kwenye "mume wangu", lile "amefariki" liko nje ya kioo. Tulihangaika hivyo wiki nzima. Nilikuwa na hasira, sifichi. Nilidhani anachelewesha kwa makusudi, na nikaapa kumtafutia kioo ambacho hakitampa kisingizio.

Duka la vioo vilivyokwishatumika lilikuwa mitaa mitatu kutoka kwetu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindu ambaye kila asubuhi alifukiza ubani mbele ya picha za miungu wake, moshi ukizunguka katikati ya monita zilizozimwa, zimepangwa hadi darini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha ya inchi kumi na tisa. Aliiwasha, picha ikatokea, rangi nzuri.

"Ina kivuli kidogo, dada," alisema. "Ukizoea huoni."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mkokoteni.

Mchana huohuo niliifunga kwenye kompyuta, nikakuza herufi, na kwa mara ya kwanza sentensi nzima ikaenea. Mama alivuta kigoda, akasogeza uso karibu na kioo, akaanza kusoma. Alikuwa hajamaliza mstari wa kwanza umeme ulipokatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Jua la saa tisa lilikuwa linaingia dirishani, likapiga kioo kilichokufa. Nilinyanyuka, ila nilimsikia bado anasoma.

"Ba-ba."

"Mama, umeme umekatika."

"Najua. A-na."

Niliinama nyuma ya bega lake. Ndani ya kioo kile cha kijivu, kisicho na moto wowote, palikuwa na herufi kubwa ambazo sikuziandika mimi. Juu BABA. Chini yake ANA. Mbele ya yote mawili palikuwa patupu.

"Baba ana," alisema mama, taratibu, kama anayejibu mlangoni. "Ana nini?"

Umeme uliporudi nikawasha tena, waraka wangu ukatokea juu ya maneno yale, nayo yakaonekana kwa nyuma kama alama ya maji kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Mama aliweka kidole kwenye sentensi yangu. "Wewe umeandika alikuwa na mke mmoja na mtoto mmoja. Huku pameandikwa ana. Mwalimu wa kisomo alitufundisha, ana ni sasa hivi. Maiti hasemwi ana." Akanigeukia. "Nitie saini kwamba sina habari zake, na hii ni nini kama si habari?"

Mimi ninayejifanya sina ushirikina nilikisugua kioo kwa spiriti, kwa sabuni, kwa majivu. Maneno hayakutoka, yalikuwa kwa ndani. Nilikifunika kwa kanga, mama akakifunua. Kila alasiri alikaa mbele ya kioo kilichozimwa, nami nikimsikia kutoka jikoni anauliza. Ana njaa? Ana homa? Ana mke mwingine huko? Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na baada ya kila swali alinyamaza, akisubiri zamu ya yule mwingine. Kilichonitisha zaidi si kwamba sentensi ilikuwepo, bali kwamba haijakwisha. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilikwenda kutazama kama limeongezeka neno.

Baba mdogo alikuja kuchukua waraka. Alitazama kioo, midomo ikamchezacheza kwa kisomo cha kimyakimya, akatoka kwenda kukaa barazani. Chai yake aliinywea hukohuko.

"Kirudishe hicho kidude," aliniambia. "Shemeji atapotea na yeye."

Nilirudi dukani bila kioo, nikiwa na maneno tu. Yule mzee alinisikiliza, akaenda nyuma, akaleta monita nyingine ya aina ileile, akaigeuzia mwangani. BABA. ANA. Hii ilikuwa kali zaidi. Mbele ya kila neno palionekana lingine dogo, na mstari mrefu wa kujazia.

"Si shetani, dada. Ni fomu. Kontena hili nilikwenda kulichagua mwenyewe Uturuki. Vioo hivi vilikaa madirishani ofisini, watu wasome wakiwa wamesimama. Miaka vimewashwa, havizimwi, maneno yanakula kioo. Wanauliza jina la baba, jina la mama."

"Baba kwao ni baba?"

"Baba ni baba, kama huku."

"Na ana?"

"Ana ni mama."

Akaniuliza kama anibadilishie. Nikashangaa kujisikia nasema hapana. Woga ulikuwa umenitoka, na mahali pake pameingia uchungu mkubwa kuliko woga. Njia nzima nilifikiria kumficha. Angeweza kuishi na "ana" mpaka kufa kwake, na nani angedhurika isipokuwa mnunuzi? Lakini nilimkuta amekaa palepale, anasubiri zamu, nikaona siwezi kumwacha aendelee kuongea na dirisha la ofisi. Nikamwambia yote.

Alipitisha kidole chini ya BABA, kisha chini ya ANA.

"Kumbe walikuwa wanauliza majina," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Na mbele yake pako wazi bado."

"Pako wazi."

"Andika basi."

Niliandika jina la baba, nikalisogeza mpaka likakaa sawasawa mbele ya BABA, kisha la kwake mbele ya ANA. Weupe ulimuumiza macho, nikageuza ukurasa uwe mweusi na herufi ziwe nyeupe. Aliyasoma yote mawili kwa kidole. Halafu akaomba waraka. Aliusoma mpaka mwisho, akapita kwenye "alikuwa na" bila kusimama, akaniruhusu niuchape, akatia saini. Jioni ile alivua bangili.

"Majina usiyafute mpaka nitoke eda," alisema.

Miezi minne na siku kumi kioo kiliwaka. Umeme ulikatika mara nyingi, na kila uliporudi nilikimbia kuyarudisha majina kabla hajauliza. Sikufanya kazi nyingine yoyote kwenye kompyuta ile. Mnunuzi alisubiri, baba mdogo akasubiri. Siku eda ilipokwisha mama alioga, akavaa kanga mpya, akaja akakaa kwenye kigoda chake.

"Sasa zima."

Nikazima. Kioo kikalia kidogo, kikawa kijivu. Nilivuta pazia jua liingie. BABA lilikuwepo, na mbele yake, hafifu lakini kamili, jina la baba. ANA, na mbele yake la mama. Mama akanyoosha kidole, akasoma mstari wa juu silabi kwa silabi mpaka mwisho, na hakuuliza kitu tena.