Kumlindia Nafasi

Mama yake ndiye aliyenitia hasira ya kwanza, na alifanya hivyo huku akinimiminia chai. Tulikuwa tumekwenda mtaa wa Ndosho kumsalimia mgonjwa, ekipe nzima ya basketi ya wasichana, tumebeba sukari na sabuni kama inavyotakiwa. Binti yake, kapiteni wetu, alikuwa amelazwa kwenye kochi, mguu umefungwa toka pajani hadi karibu na kifundo. Siku chache kabla ya hapo aliruka kuweka mpira kikapuni, akatua kwenye simenti iliyoloa mvua, goti likageukia upande ambao goti haligeukii. Wote tuliokuwa uwanjani tuliusikia mlio wake. Mimi ndiye niliyeingia badala yake.

Mama akanipa kikombe, akaniangalia kwa upole kabisa. "Mutoto wangu," akasema, "wewe njo unamulindia nafasi yake. Akipona, utamurudishia."

Asiyekaa Goma huenda asielewe jinsi neno hilo lilivyonichoma. Kwetu, maji yakikatika kisha yakarudi, watu hupanga bidoni zao, yale madumu ya njano, kwenye robine, bomba la mtaa. Ukiwa na shughuli unamwambia jirani: nilindie. Ataisukuma bidoni yako mbele pamoja na yake, na ukirudi atakupisha bila maneno, hata asante si lazima. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo yule mama hakunitukana. Kwa maoni yake aliniheshimu. Lakini mimi nilikuwa nimekalia benchi miaka mizima nikimtazama binti yake akishangiliwa, na sasa nimepata mpira mkononi, naambiwa nasukuma bidoni ya mtu. Chai ile niliinywa yote, na ilikuwa chungu ingawa sukari tulileta wenyewe.

Kapiteni alipelekwa kupasuliwa ng'ambo ya mpaka. Parokia ilichanga, nami nilichanga, tena kwa roho safi; nataka hilo lijulikane. Nilitaka apone. Nilitaka apone, aolewe, apate kazi mtaa wa Himbi katika mojawapo ya zile ofisi zenye jenereta, awe anapita uwanjani Jumapili kutupungia mkono. Wako watu wanaomtakia mwenzao mabaya. Mimi nilimtakia mema, ila ya mbali.

Na nilicheza. Uwanja wetu ni simenti iliyomwagwa juu ya mawe ya volkano, na ukikosea pasi, mpira unakwenda kudunda kwenye yale mawe meusi ya pembeni na kurudi umechanika. Nilijifunza kutokosea. Nilijifunza kupeleka mpira kwa mkono wa kushoto, kuwapangia wenzangu, kuwafokea inapobidi. Tukaanza kushinda tena. Kocha akanivisha kitambaa cha ukapiteni, akanikazia mkononi mwenyewe. Basi wale motari waliozoea kusimamisha pikipiki zao kando ya barabara watutazame, wakawa wananiuliza mimi, kitambaa kiko mkononi mwangu wanakiona: "Sasa kapiteni atarudi lini?"

Nilisema hajambo, anaendelea.

Akaendelea kweli. Kwanza walimwona anatembea na fimbo, kisha bila fimbo, kutoka Ndosho hadi ziwani na kurudi, asubuhi kwa asubuhi, kwenye barabara zile ambazo hata mzima anaziogopa. Watu waliniletea habari hizo kana kwamba niliziagiza. Leo amepanda ngazi. Leo amechuchumaa. Halafu jioni moja akatokea uwanjani mwenyewe, akakaa juu ya ukuta wa mawe, na wasichana wote wakaacha mazoezi kwenda kumkumbatia. Nilibaki katikati ya uwanja na mpira wangu. Hata mpira, tangu siku hiyo, ukitoka nje ulikuwa unabingirika kuelekea upande wake.

Mashindano ya jimbo yalikuwa yanakaribia, na lisansi ya mchezaji, kile kibali cha kucheza, ilibaki moja tu. Komite ikagawanyika. Mwenyekiti wetu, muzee muuza mbao aliyempenda yule msichana kama aliyemzaa, alisema mtoto wa nyumbani hafungiwi mlango. Kocha alikuna kichwa. Alisema goti lililoshonwa halina dhamana, na kwamba kuna binti mmoja mrefu wa kule Mugunga angetufaa sana chini ya kikapu. Walibishana pale pale uwanjani baada ya misa, sisi tumesimama kando tumevaa nguo za kanisani. Nilimpenda sana yule binti wa Mugunga, ingawa sikuwahi kumwona.

Mwishowe kocha akasema kapiteni wa zamani ajaribiwe Jumamosi, tugawanywe pande mbili, kila mtu aone kwa macho.

Jumamosi watu walijaa. Mama yake alikuja na kiti chake cha plastiki. Na hapo nikaona jambo ambalo nadhani lingetokea kwetu tu. Kwetu, mtu aliyetoka kuugua hasukumwi. Unampisha mlangoni, unampokea mzigo, unamwambia pole hata kama alipona zamani. Basi wasichana wale, ambao siku nyingine wangekung'oa bega kwa ajili ya mpira wa mazoezi, wakawa wanampisha. Anakuja na mpira, mmoja anarudi nyuma. Anaingia kati, mwingine anakunja mikono asije akamgusa. Akifunga wanampigia makofi, wapinzani wake wenyewe. Nilimsikia mmoja akimwambia "pole, dada" alipokuwa anampita. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, meno yote nje, anawaonyesha watu: mnaona? Mnaona?

Nilikuwa naona. Msichana aliyekuwa anamkaba nikamtoa, nikamwambia nenda kule, huyu ni wangu.

Nilimkaba kama nilivyomkaba usiku mwingi kitandani, kwa mawazo. Nilimwekea kifua. Nilimfunga upande wa mguu mzuri ili alazimike kuutumia ule mwingine. Hiyo ni kazi ya ukabaji, kocha yeyote ataifundisha, sikumpiga teke wala kumvuta jezi. Nikampokonya mpira. Akaupata tena, nikampokonya tena. Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja wa wenzangu akaniuliza kama sina huruma. Kocha akapuliza filimbi, akaniita kando kwa kidole, na mama yake akawa ameinuka kwenye kiti chake.

Binti mwenyewe alikuwa ameinama, mikono magotini, anatweta. "Kocha, muache," akasema. "Wale wengine wote wanacheza na mguu yangu. Huyu njo mwenye anacheza na mimi."

Tukaendelea. Na ninasema hili kwa sababu liliniuma kuliko yote: mara ya mwisho alinipita. Zamani angeruka. Safari hii hakuruka. Alikuja kasi, akasimama ghafla, mimi nikapitiliza mwili mzima, naye akatoa pasi ya chini kwa msichana ambaye mimi sikuwa nimemwona. Kikapu. Hakuwahi kucheza hivyo kabla ya kuumia. Muda wote ule aliokaa kwenye ukuta wa mawe akitutazama, mimi nilidhani anakuja kukusanya salamu. Kumbe alikuwa anasoma mchezo. Goti lilikuwa limepungua na kichwa kimeongezeka, na mimi ndiye niliyegundua wa kwanza, nikiwa nimegeukia upande usiofaa.

Baada ya hapo komite ikakaa. Kocha wetu ana desturi yake: mchezaji mpya akija, anamuuliza mwenye nafasi, mbele ya watu wote, maana hataki manung'uniko ya chooni baadaye. Akanigeukia.

"Kapiteni, unasema nini?"

Sijui kama alisema kapiteni kwa ajili yangu au kwa mazoea. Wote wakaniangalia. Nilitamani kusema hapana, hapana kavu, nikaenda nyumbani. Badala yake nikasema lililo kweli, na nililifurahia kwa sababu lilikuwa kweli na lilikuwa upande wangu. "Hamukumujaribu," nikasema. "Mulimuonea huruma. Ekipe zingine hazitamupa pole. Mukimuandikisha leo, munaandikisha makofi."

Mwenyekiti akanitazama kama nimemwagia mchanga kwenye sahani yake. Nikaona nimeshinda.

Halafu binti mwenyewe akasema, taratibu, bila kuniangalia, "Amesema kweli. Basi mutupe muda mpaka lisansi zifungwe. Anikabe yeye, kila siku, vile alifanya leo. Nikimushindwa, muchukue ule wa Mugunga."

Kocha akajipiga kofi pajani. Mwenyekiti akacheka. Ikaamuliwa hapo hapo, na mimi nimesimama katikati na maneno yangu mazuri. Wivu wangu, kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, nao alikuwa ameuchukua akaupatia kazi.

Ningeweza kumkaba kwa ulegevu. Kila mtu angesema nimekuwa na moyo mzuri, na goti lake lingebaki goti la mgonjwa. Lakini sikuweza. Kila jioni nilipomwona anavua zile bandeji zake nilipandwa na hasira upya, nikamwendea na kifua kile kile. Siku za mwanzo nilimshinda, nikarudi nyumbani naimba. Kisha ikawa mara mimi, mara yeye. Kisha ikawa yeye. Lilipoingia juma la kufunga uandikishaji wa lisansi, hakuna aliyeuliza tena habari za goti, na yule binti wa Mugunga alikuwa ameshajiunga na ekipe nyingine. Nilikivua kitambaa mwenyewe kabla hakijaombwa. Alinikumbatia. Alinukia ile dawa ya kuchua, nikahesabu moyoni hadi aniachie.

Mechi ya kwanza ya jimbo nilianza nikiwa benchi, mahali pangu pa zamani, na jaketi langu nimelifunga hadi kidevuni kwa sababu ziwa lilikuwa linaleta upepo. Mama yake alikaa nyuma yangu na kile kiti cha plastiki. Binti yake alicheza vizuri. Sitaeleza zaidi ya hapo. Ilipobaki sehemu ya mwisho aliingia chini ya kikapu, wasichana wawili wakamgonga, akaanguka, na mguu ule ukabaki chini yake.

Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama, kabla ya kocha, kabla ya mama yake. Nikajikuta nimeshavua jaketi. Nilikuwa naomba Mungu, na hadi leo siwezi kuapa ni ombi lipi lililotangulia: asiwe ameumia, au niingie.

Akajigeuza. Akaukunjua mguu, akaukunja tena, polepole, kama mtu anayejaribu kufuli. Akainuka bila kushikwa na mtu. Watu wakalipuka kwa kelele, yeye hakuwaangalia. Aliangalia benchi, akanitafuta mimi, na kwa kiganja akanionyesha: kaa.

Nikakaa. Mkono wa mama yake ukanigusa begani kutoka nyuma.

"Mutoto wangu," akasema, "vaa jaketi yako. Kuko baridi."

Nikamwambia sisikii baridi.